Moyo wa Mama Pasi na Kikao Chetu

Shangazi yangu hakuitwa jina lake hata na marehemu mumewe. Alikuwa Mama Pasi. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa blanketi, waya wa kutundikia mashati, na dirisha ambalo mtaa mzima ulipitishia nguo na umbea. Alisimama pale kutwa akinyunyiza maji, akinyoosha, na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Kwa kutazama kola tu aliweza kukwambia nyumba ya nani haina amani, na mara nyingi alikwambia.

Siku moja alianguka juu ya suruali ya mwalimu mkuu. Suruali iliungua upande mmoja wa makalio, yeye akapelekwa hospitali. Daktari wa moyo, dada mpole mwenye viatu vya raba, alitueleza taratibu. Vali ya moyo inayopitisha damu kwenda mwilini ilikuwa imekakamaa, njia imekuwa nyembamba. Tiba zilikuwa tatu: kumpasua kifua na kuweka vali mpya, au kuipitisha vali mpya kwenye mshipa wa paja bila kufungua kifua, au kumpa dawa za kupunguza adha na kuuacha moyo uende unavyoweza. Kila moja ilikuwa na hatari yake, na kwa umri wa mama, alisema, kiharusi si cha kupuuza.

"Nendeni mkazungumze naye," alisema. "Muulizeni anataka maisha ya namna gani."

Kuzungumza tulizungumza sana. Lakini katika ukoo wetu mgonjwa haulizwi uji, sembuse moyo. Tulikaa kikao sebuleni kwake, na yeye tukamfungia chumbani asije akashtuka. Penye wazee haliharibiki neno, na mzee tuliyekuwa naye ni huyo huyo aliyekuwa nyuma ya mlango.

Mwanawe wa kwanza, muuza bima tunayemwita Bosi, alitaka kifua kipasuliwe. Ugonjwa mkubwa, tiba kubwa, alisema, na nadhani pia upasuaji mkubwa unasimulika vizuri kazini. Mdogo wake wa kike, mwalimu wa chekechea, hakutaka kisu wala mshipa. Alitaka mama akae tu, basi. Kitinda mimba alikuwa amesoma kwenye simu kwamba kitunguu saumu kinazibua mishipa, akatuomba tusiwe na haraka. Mimi, mtoto wa kaka yake Mama Pasi, niliwaunga mkono wote watatu kwa zamu, maana ugomvi siuwezi.

Nyuma ya ukuta Shangazi alikohoa.

"Punguzeni sauti," Bosi alisema. "Mtamwamsha."

Alikuwa macho tangu tufungue kikao.

Kwa kuwa hatukuafikiana, mwalimu alishinda, kwani kukaa hakuhitaji kibali cha mtu. Pasi ikahamishiwa kwake. Dirisha la mbele likafungwa ili wateja wasimchoshe mama. Chumvi, vicheko na habari za misiba vikapigwa marufuku. Shangazi akawekwa kwenye kochi na mto mgongoni, na akinyanyuka kufuata maji sauti tatu zinamrudisha. Miezi ikapita hivyo. Wateja wakagonga, wakachoka, wakapata mpiga pasi mwingine. Ilinikera kuona mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mpita njia akianza kuniuliza leo ni siku gani.

Siku ya kurudi kliniki tuliingia kifua mbele.

"Mama, unahema ukifanya kazi?" daktari alimuuliza.

"Hahemi kabisa siku hizi," mwalimu alijibu.

"Kizunguzungu?"

"Kimekwisha," alisema Bosi.

"Vizuri. Kwani kutwa anafanya nini?"

"Hafanyi chochote," tulijibu kwa pamoja, tena kwa fahari.

Daktari aliweka kalamu chini. Akamwomba Shangazi watembee pamoja hadi mwisho wa korido. Mwisho hawakufika. Shangazi alishika ukuta, midomo imepauka, na kile kizunguzungu kilichokwisha kikamkamata mbele yetu sote.

"Hajapata nafuu," daktari alisema baada ya kumkalisha. "Mmemwondolea tu kila kitu ambacho kingemwonyesha kuwa anaumwa."

Shangazi alipopata pumzi hakututazama.

"Hiyo ya paja," alimuuliza daktari, "wapo wasioamka?"

"Wapo, mama. Si wengi, lakini wapo. Na wengine wanaamka na kiharusi."

"Na nikibaki hivi hivi?"

"Dawa zitakupunguzia shida. Ila pumzi itazidi kuwa fupi, na kusimama utashindwa kidogo kidogo."

"Basi nataka ya paja. Na mambo yakiharibika, msinifunge mamashine nipumue kwa ajili ya wageni."

Mwalimu alianza kulia. "Mama, ukifia mezani je?"

"Nitakuwa nimekufa, mwanangu. Sasa hivi nimekaa nasubiri, na hakuna aliyeniambia nasubiri nini."

Mimi nililia pia, wala sioni haya. Nilitaka aishi, na nilitaka aishi akiwa yeye, na daktari alikuwa ametwambia wazi kwamba hawezi kutuahidi yote mawili.

Alifanyiwa, akaamka. Mkono wa kushoto haukuamka wote. Kiharusi kidogo, walisema, na mazoezi yameurudisha nusu tu. Kitinda mimba alitaka kusema kwamba yeye alituonya, nikamkanyaga mguu.

Sasa dirisha liko wazi. Shangazi anasimama mezani na kunyoosha kwa mkono wa kulia, na binti yake mwalimu, akitoka shule, anamshikia nguo upande wa pili. Anahema kidogo, hasa akiwasema watu. Juzi Bosi, kwa sauti yake ya kikao, alimuuliza kama hajutii ule mkono.

"Najuta," Shangazi alisema.

Binti yake akaachia shati alilokuwa amelishikilia.

"Najuta ile miezi mliyoniweka kwenye kochi. Mkono angalau naufanyia mazoezi." Akamgeukia binti yake. "Vuta hiyo kola, inakunjika."