Mikanda Miwili ya Kaza

Turubai lililomtoa shemeji yangu jicho lilinunuliwa ili dada yangu apate kivuli cha kukalia. Nilikuwepo siku ile, na hasira zangu hazijaisha mpaka leo.

Shemeji aliendesha malori miaka thelathini na moja bila kudondosha mzigo hata mmoja. Vioo, mabati, mitungi ya gesi, vyote vilifika kama vilivyopakiwa. Madereva wenzake walimwita Kaza, kwa sababu akiona kitu kinatikisika alisema neno hilo tu, halafu anapanda juu kukikaza. Kwake yeye, kinachocheza hakijafungwa. Hata mifuniko ya chupa za nyumbani dada alikuwa akiifungua kwa koleo. Nasema wazi, sikumpenda. Alikuwa mbishi wa kupindukia, na dada alimcheka tu badala ya kumkemea.

Alipostaafu alinunua lori dogo bovu, akalifufua, akalijengea nyuma chumba cha mbao na bati chenye kitanda, kabati, sinki na jiko la gesi. Yeye na dada walitaka kuzunguka nalo mpaka wachoke. Ubavuni, juu ya mlango, alifunga turubai lililokwisha kutumika. Ukizungusha mpini, kitambaa kinatoka kwenye bomba lake kikisukumwa na mikono miwili ya chuma yenye springi, na mbele kina chuma kirefu cha kukinyoosha. Muuzaji aliwapa onyo moja.

"Upepo ukianza, mzee, likunje. Usishindane nao."

"Nimepita milimani na tani ishirini za mabati," Kaza akamjibu. "Leo nishindwe na shuka?"

Basi akalifunga kama mzigo. Alipigilia ardhini vyuma viwili virefu kwa nyundo kubwa, akatoa mikanda yake ya lori, ile yenye vikazio vya chuma vya kuivutia, akafunga mmoja kila pembe ya mbele. Alivuta mpaka mikanda ikawa inalia ukiigusa kwa kidole. Dada alimwambia aache nafasi kidogo, kitambaa kipumue.

"Mke wangu, kikipumua kitaondoka," alisema.

Siku hiyo tulikuwa tumeegesha kwenye uwanja wa wazi kando ya barabara kuu. Nilikuwa nimewatembelea kwa wiki moja. Saa nane mchana vumbi lilianza kutembea upande wa pili wa barabara. Dada alichungulia mlangoni.

"Baba watoto, likunje."

"Limefungwa," Kaza akasema, na wala hakuinuka kitini. Dada akarudi ndani kwenye sufuria yake ya maji.

Upepo uliingia chini ya turubai kwa kishindo kimoja. Kitambaa kikavimba na kuvuta juu. Turubai lingine lingechanika au kung'oa vigingi vyake, mambo yakaishia hapo. Mikanda ya Kaza haikulegea hata unywele. Upepo ukakosa pa kutokea, ukahamia kwenye ukuta. Nilisikia misumari ikichomoka mmoja baada ya mwingine, na bati likapasuka kuanzia juu ya mlango. Gari zima likapiga magoti upande mmoja, likainuka, likapiga tena. Ndani kabati lilianguka, na dada akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake.

Nilikimbia mlangoni. Alikuwa chini, kabati limemlalia mguu, maji ya moto yamemmwagikia paja, na jiko bado linawaka hatua moja kutoka kichwani pake. Juu yake paa lilikuwa linafunguka na kujifunga. Ukuta ukiondoka, paa lote lingemshukia.

Kaza alirukia kikazio. Kilikuwa kimekazwa mno, hakifunguki. Alikipiga kwa nyundo mara tatu, akairusha nyundo kando, akatoa kisu. Mtu huyu hakuwahi kukata mkanda maishani mwake. Aliukata wa kwanza. Pembe ile ikaruka, chuma cha mbele kikajipinda, na nguvu yote ikahamia pembe ya pili, ukuta ukatoka shubiri nzima. Kuufikia mkanda wa pili ilibidi asimame mbele kabisa ya mkono wa springi, na mambo ya vyuma vilivyovutwa aliyajua kuliko sisi sote. Alinitazama.

"Shemeji, lala chini," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akakata.

Mkono ule ulifyatuka ukampiga usoni. Mlio wake ulikuwa kama wa kuvunja ubao mkavu. Turubai liliruka juu ya paa likaenda kujigonga upande wa pili, na gari likatulia palepale. Mimi niliingia ndani kwanza, nikazima gesi, nikanyanyua kabati. Nilipotoka na dada mgongoni, Kaza alikuwa amekaa chini, damu na meno vimejaa kifuani, anapapasa ardhi akitafuta kisu chake.

Hospitalini walilazwa wodi tofauti. Siku ya tatu nilimsukuma dada kwenye kiti cha magurudumu, mguu ukiwa na plasta, tukaenda kumwona. Alikuwa amefungwa bandeji nusu ya uso, na midomo imemvimba.

"Mkanda gani ulikatika kwanza?" akauliza.

"Hakuna uliokatika," dada akamwambia. "Uliikata wewe."

Jicho lililobaki likamjaa machozi. Dada akamshika mkono, na mimi nikatazama dirishani, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumpenda na sikutaka anione.

Walitengeneza ukuta, wakanunua turubai lingine, na wamerudi barabarani. Mikanda yote aliigawa kwa madereva. Dada akikaa kivulini, yeye humweka upande wake wa kushoto, ule ambao jicho lake bado linaona, na mpini wa kukunjia haumtoki mapajani. Nimemwona akinywa chai kwa mkono mmoja, ule mwingine umeushika, na hapakuwa na upepo wowote.