Mchangamfu, Ana Msimamo, Anapenda Mazungumzo

Mtaani humu mwanamke asiye na mtoto hatafutiwi jina. Jina humtafuta mwenyewe. Yeye likamfikia la Mama Koko, kwa heshima ya mbwa koko wote aliowahi kuwaokota, kuwaogesha na kuwatafutia makwao. Alilipokea bila kinyongo. Mumewe, fundi baiskeli mwenye grisi nyingi na maneno machache, alijikuta Baba Koko bila kuulizwa. Mpaka leo akiitwa huitika, ila huchelewa kidogo, kama mtu anayetumaini kwamba yupo mwingine.

Kituo cha wanyama walioachwa kiko nyuma ya ghala la mbao. Mama Koko ndiye mlezi mkuu, maana yake yeye ndiye anayefagia. Pia ndiye anayewaeleza wageni tabia za wanyama, na hapo ndipo kipaji chake kilipo. Ukweli mtupu haujawahi kumtoa mbwa bandani. Nani atamchukua mbwa anayekula makochi? Kwa hiyo Mama Koko akabuni lugha. Aliyekula kochi ni "mchangamfu". Paka asiyekuja akiitwa, hata uwe umeshika samaki, "ana msimamo". Anayebweka mpaka majirani wanaanza kuulizia vyumba mtaa wa pili "anapenda mazungumzo". Na ukisikia mnyama "anachagua marafiki", weka mikono mfukoni.

Kusifu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kunyima, na hiyo ndiyo aipendayo. Anayekuja kutaka paka huhojiwa kama anaposa. Ukisafiri, atabaki na nani? Zulia lako la rangi gani? Ukigombana na watu wa nyumbani, huwa unapiga teke nini? Wengi hujitahidi. Lakini lipo swali ambalo mgeni akiliuliza yeye, mazungumzo yamekwisha.

"Na asiponifaa, naweza kumrudisha?"

"Unaweza," Mama Koko hujibu kwa upole. "Ndiyo maana hatukupi."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka yeye na mumewe walipoomba kuasili mtoto. Walikuwa wamemtaka mtoto kwa muda mrefu, mrefu kiasi cha kuchoka kulizungumzia jambo hilo. Hawakuchagua wa kike wala wa kiume, mdogo wala mkubwa. Fundi alikwishaunda baiskeli ndogo akaitundika ukutani dukani kwake. Wateja wakiuliza bei, husema ina mwenyewe. Kilichobaki ni afisa ustawi wa jamii kuja kuikagua nyumba na kuamua kama watu hawa wanafaa kupewa binadamu.

Siku ya ukaguzi Mama Koko alifungua mlango, akamwona afisa, na uso wake ukabaki umetabasamu peke yake, mwenyewe akiwa kwingine kabisa. Alikuwa yule bwana aliyewahi kuja kituoni kutaka paka wa kijivu.

"Nadhani tumeshaonana," alisema afisa akivua viatu.

"Sidhani," alisema Mama Koko, ambaye humkumbuka hata aliyepita kuomba maji.

"Kituoni kwenu. Paka wa kijivu."

"Aa, wa kijivu wamepita wengi, bwana afisa."

"Nilimtaka mmoja tu. Ukaninyima."

Fundi, aliyekuwa akimimina chai, aliendelea kuimimina baada ya kikombe kujaa.

Afisa alikagua chumba, akajaribu kitasa, akatingisha dirisha, akatazama dawa zinawekwa wapi na visu vinakaa wapi. Kisha akaketi, akaanza kuuliza. Mkisafiri, atabaki na nani? Mkigombana, mnafanyaje? Fundi akajibu yote bila kukwama. Kwa miaka amekuwa akimsikia mkewe akifanyia maswali hayohayo mazoezi jikoni.

"Naona hamna zulia," alisema afisa.

"Lilikuwapo," alisema fundi. "Kuna mchangamfu mmoja alikaa kwetu."

Afisa akakohoa, akaegemea mbele. "Na mtoto asipowafaa?"

Fundi alimtazama mkewe kwa macho ya kusihi, macho ya mtu aliyemwona mwenzake akinyanyua kiberiti karibu na mafuta. Haikusaidia.

"Bwana afisa," alisema Mama Koko, "swali hilo ndilo lililokunyima paka."

"Najua. Nilipotoka pale nilitembea mpaka nyumbani nikijiuliza nimekosa nini, ndipo nikakumbuka." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mama, mimi swali hilo nauliza kila siku ya kazi. Siku ile lilinitoka tu kwa mazoea. Paka nisingemrudisha."

Mama Koko akajikuna shingo.

"Lakini leo sikuuliza kwa mazoea," aliendelea afisa. "Nasubiri jibu."

"Asipotufaa," alisema Mama Koko taratibu, "basi hatutafaana humuhumu ndani. Mimi na huyu bwana tulishaacha kufaana zamani, na hujaona aliyefungasha."

"Kweli kabisa," alisema fundi, akionekana kufurahi.

Afisa akavaa miwani. "Basi yupo binti mmoja. Yuko darasa la pili. Ni mtoto mchangamfu."

Mama Koko akakiweka kikombe chini. "Mchangamfu kiasi gani?"

"Sana. Halafu ana msimamo."

"Ehe."

"Na anapenda mazungumzo."

"Marafiki je? Anawachagua?"

"Kwa... uangalifu."

"Kavunja nini?"

"Nani amesema amevunja?"

"Bwana afisa, lugha hiyo naipika mimi. Usinipakulie chakula changu. Kavunja nini?"

Afisa akashusha pumzi. "Dirisha. La ofisi yangu."

"Kwa jiwe?"

"Kwa kiatu."

"Akiwa wapi?" aliuliza fundi.

"Getini."

Fundi akapiga mluzi wa chini, wa heshima.

"Nyumba mbili zimeshamrudisha," alisema afisa, na sauti yake haikuwa tena ya kukagua. "Na ninyi mkimrudisha, sitawaletea mwingine. Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba sitakuwa na la kumwambia yeye. La kwanza nilimwambia, la pili nikalitunga. La tatu sina."

"Mlete," alisema Mama Koko.

Binti alifika Jumamosi asubuhi na begi moja, akaliweka karibu na mlango, na hakutaka liguswe. Alizunguka nyumba mikono nyuma kama mkaguzi aliyetumwa na ofisi kubwa zaidi.

"Humu kuna nini cha kuvunjika?" aliuliza.

Fundi ni mtu mkweli. "Redio," alisema. "Kioo. Na lile birika la kauri, la mama yangu."

Mchana Mama Koko alikuwa uani akianika nguo aliposikia mlio. Birika lilikuwa vipandevipande mbele ya mlango, mbali kabisa na kabati lake, na birika halina miguu. Msichana alikuwa amevaa viatu, amekaa juu ya begi.

"Birika limevunjika," alisema.

"Naona."

"Nimevunja mimi. Makusudi."

"Hilo pia naona. Unaenda wapi?"

"Ofisini. Si mnanirudisha?"

"Leo ofisi imefungwa."

"Kesho?"

"Kesho Jumapili."

"Jumatatu, basi."

"Jumatatu una shule."

Msichana akafikiri. "Jumanne."

Mama Koko akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni akiangalia vipande vya birika la mama yake, bado hajapata sura ya kuvaa. "Jumanne tuna nini?"

"Jumanne nataka mtu wa kunishikia gurudumu," alisema fundi. "Jumatano pia. Wiki hii imebana."

"Nimevunja birika!" alisema msichana kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na viziwi.

"Tumesikia, mwanangu. Fagio liko nyuma ya mlango. Anza na vipande vikubwa."

Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kwa dharau ya mtu aliyetarajia kupambana na wazoefu. Wengine walipiga kelele. Wengine walilia. Hawa walikuwa wanampangia wiki. Akainama, akavua kiatu kimoja, akasita.

"Hiki kingine sivui," alisema.

"Na hicho ulichovua kivae," alisema Mama Koko. "Vipande vinachoma."

Akakivaa kwa hasira, akafagia vibaya sana, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kufagia vizuri mpaka Jumatatu jioni, alipotoka shule.