Ndege Wangu Kwenye Ukuta wa Bucha

Ukiingia Kitengela kwa barabara ya Namanga, angalia kuta. Angalia vibao vya duka za dawa, saluni, shule za watoto wadogo, kanisa za mabati na zile za mawe. Kwenye vile vibao vizuri, chini kabisa upande wa kulia, utaona kandege kadogo keusi, kamechorwa mara moja bila kuinua brashi. Hako kandege ni mimi. Jina langu siandikagi. Watu wa hapa wakiona kandege wanajua kazi imefanywa na mtu.

Niliacha shule darasa la sita na sijawahi kuililia. Nilikuja Noonkopir, hapa hapa Kitengela, nikiwa kijana, brashi zangu kwenye mkebe wa kahawa, nikaanza na milango ya vyoo. Kompyuta ilipokuja nilijifundisha mwenyewe, usiku nikibonyeza kila kitu kuona kinafanya nini, na nikiharibu nilianza upya. Leo vijana wenye vyeti vya kuchora wanakuja kwa karakana yangu kuniuliza kwa nini logo zao zikipakwa kwa lori zinaonekana kama uchafu. Sisemi haya kwa kujigamba. Sawa, nasema kwa kujigamba, lakini ni kweli.

Siri yangu si kuchora. Kuchora ni kazi ya mwisho. Mimi kwanza naenda kukaa. Mama wa saluni mmoja nilikaa kwa benchi yake mpaka wateja wakauliza huyu mzee anangoja kusukwa nywele gani. Fundi wa pikipiki nilikaa naye nikashika spana. Na mtu wa mifugo, huyo lazima nifike boma yake asubuhi kabla ng'ombe hazijatoka, niziangalie, nimsikie akiziita. Nikitoka hapo, logo inakuja yenyewe. Moja. Sileti tatu uchague, kwa sababu mimi si duka la viatu.

Sasa, niko na rafiki yangu mfanyabiashara wa ng'ombe, Mmaasai wa huku huku Kajiado. Tulianza pamoja, yeye akitembeza mbuzi kwa miguu na mimi na milango yangu ya vyoo. Alikuwa akiniambia kila mara, "Fundi, siku nitafungua bucha yangu, wewe ndiye utanichorea." Hiyo kazi niliingoja miaka. Vibao vya saluni ni sawa, lakini bucha yake ingekuwa na ukuta mzima wa kuangalia barabara kuu, ukuta ambao kila gari la kwenda Namanga lingeuona. Nilishaona kichwani mahali kandege kangekaa.

Bucha ikajengwa, vigae vyeupe mpaka juu. Akaja kwa karakana.

"Boss, supa," nikamsalimia kwa Kimaa, lugha yake.

"Ipa. Fundi, kazi imefika."

"Nilijua. Kesho asubuhi niko kwa boma yako."

Akacheka. "Boma ya nini? Logo iko tayari."

Akatoa simu. Binti yake anayesoma chuo alikuwa amemwonyesha mtandao fulani ambapo unaandika unachotaka, kisha watu wa dunia nzima wanakuchorea kwa shindano. Unachagua mshindi, mshindi analipwa. Wale wengine wote wamechora bure, asante na kwaheri. Akanipitishia michoro kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, ng'ombe wa bluu, ng'ombe wa miwani, ng'ombe aliyeshika kisu anachekelea kama anaenda harusini. Mimi sijawahi kuona ng'ombe anafurahia kisu.

"Wewe ungenichorea ngapi?" akaniuliza.

"Moja."

"Unaona sasa?"

"Moja yenye ni yako."

"Na hizi ni za nani? Si nimelipia?" Akaendelea kupitisha. "Niliweka kwa grupu ya ukoo, nikaweka kwa ya kanisa, nikaweka kwa ya wafanyabiashara. Watu wakapiga kura, Fundi. Hii hapa ndiyo ilishinda."

Ilikuwa fahali, amesimama upande, shingo imeinuka, rangi nyekundu ikiyeyuka kuwa ya machungwa. Kwa simu ilipendeza. Kwa simu kila kitu kinapendeza, hata ugali wa jana.

"Basi mimi unanitafutia nini?"

"Upake kwa ukuta. Hiyo mtandao haina brashi."

Ningekataa. Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba nimekataa. Lakini ukuta ule, mtu mwingine apake? Kijana fulani wa stensili? Nikaenda.

Nilipaka nikinung'unika. Huyo mchoraji wa huko, sijui anakaa nchi gani, hajawahi kushika rangi ya mafuta maishani mwake. Aliweka mistari myembamba kama unywele, mistari ambayo mtu wa ng'ambo ya barabara hawezi kuiona. Zile rangi za kuyeyuka nilizichanganya kwa sponji mpaka vidole vikafa ganzi. Nilimpigia rafiki yangu, ambaye alikuwa ameenda Loitokitok kutafuta mifugo.

"Hapa ubavuni kuna vimistari vimejikunja na kaduara kati. Niviruke? Vinajaza bure."

"Fanya tu vile iko, Fundi. Watu walipigia hiyo kura."

Nikafanya vile iko. Vile vimistari vilikuwa vyembamba, nikavinenepesha ili vionekane kutoka barabarani, kwa sababu hata kazi ya mwingine mimi siwezi kuifanya vibaya. Nilipomaliza, mkono ulishuka chini kulia ukachora kandege kabla hata sijauliza kichwa.

Bucha ikafunguliwa na muuzaji, rafiki yangu akiwa bado Loitokitok. Haukupita muda, mzee mmoja akaingia kwa karakana yangu, shuka mabegani, fimbo mkononi, viatu vyekundu kwa vumbi. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Wewe ndiye ndege?"

"Ndio mimi, Mzee. Supa."

"Ipa." Alijibu kwa sababu salamu lazima ijibiwe. "Nani alikupa ng'ombe yangu?"

Nilidhani amekosea mtu. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Ile alama niliyoweka kwa ubavu wa fahali ni chapa ya moto ya nyumba yao. Baba yake alichoma kwa chapa hiyo, na babu yake pia. Ng'ombe ikipotea ikaonekana huko Oltepesi, mtu akiangalia tu ubavu anajua airudishe wapi. Na sasa amepigiwa simu kwamba chapa yake iko kwa bucha Kitengela, kubwa kuliko nyumba, kwa mtu ambaye hajamuuzia hata ndama.

"Watu wanasema anachinja ng'ombe zangu," akasema. "Wengine wanasema nimemuuzia kwa siri, na wanangu hawajui. Ni lipi baya zaidi? Niambie wewe."

"Mzee, hiyo ni mchoro tu. Ni mistari."

"Mistari," akarudia. Akaiangalia fimbo yake. Akatoka.

Rafiki yangu aliporudi nilimngoja pale pale buchani. Akashuka kwa pikapu, akasimama ng'ambo ya barabara, akainua macho kwa ukuta mara ya kwanza tangu nipake. Nikamwona akifunika mdomo kwa mkono. Hakuhitaji kuelezwa. Mtu aliyezaliwa na ng'ombe anasoma ubavu kabla hajaona pembe.

"Hukuona hiyo kitu kwa simu?" nikamwuliza.

"Kwa simu ilikuwa kadogo hivi." Akaonyesha ncha ya kidole. "Nilidhani ni maua."

"Maua! Kwa ng'ombe!"

"Si ni hawa watu wa mtandao, wanaweka maua kila mahali."

"Na walitoa wapi chapa ya mzee wa watu?"

Akatoa ukweli. Lile shindano lilitaka picha, ili wachoraji waone ng'ombe za huku zinafanana aje. Ilikuwa kiangazi na zake zilikuwa zimekonda, mbavu unahesabu ukiwa mbali. Akaona aibu kuwaonyesha watu wa dunia nzima mbavu. Akaenda soko la mifugo Kajiado, akapiga picha fahali mnono kuliko wote, haraka haraka kama mwizi, bila kuangalia ubavu wala kuuliza ni wa nani. Mshindi akamchora fahali yule na kila kitu chake.

Unaona sasa? Ningefika boma. Ningeona hizo mbavu. Ningemwambia, rafiki, sichori mbavu, nachora vile unaziita. Ningeuliza hii alama ubavuni ni nini, kwa sababu mimi Mkamba na sijui, na asiyejua huuliza. Lakini nilipewa nini cha kuuliza? Nilipewa simu.

Aliwaandikia watu wa shindano. Wakamjibu kwa upole sana kwamba wanampongeza kwa logo yake mpya, na kwamba shindano limefungwa. Akitaka mabadiliko anakaribishwa kufungua shindano lingine.

Wakati huo bucha ilikuwa inapoa. Kina mama walikuwa wanasimama mlangoni wanamwuliza muuzaji, "Hii ya leo ni ya nani?" kisha wanaenda kununua samaki. Rafiki yangu alienda kwa mzee na mtamba wa kuomba amani, wakaongea mambo yao kwa Kimaa, mimi nikiwa nimekaa pembeni nikinywa chai yenye majani mengi. Mwisho mzee akanigeukia. Chapa itolewe, akasema, na itolewe na mkono ulioiweka, siku ya soko, watu wakiona.

"Mzee, si mimi niliyechora. Kuna mtu, yuko huko nje, yeye ndiye..."

"Anaitwa nani?"

Sikujua. Hata rafiki yangu hakujua. Mshindi alikuwa na herufi na namba tu.

"Mimi simjui huyo," mzee akasema. "Nakujua wewe. Wewe uliweka ndege."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza. Shindano zima, watu wa kila nchi, grupu ya ukoo, grupu ya kanisa, kura na makofi, na mwenye uso alikuwa mmoja. Siku ya soko nilipanda ngazi na ndoo ya rangi nyeupe, watu wamejaa chini, makanga wa magari wakinipigia kelele, "Fundi, umefutwa kazi ama unajifuta?" Nikamfunika fahali kuanzia pembe mpaka kwato. Mzee alisimama mpaka nikamaliza, akagonga fimbo chini, akaenda.

Ukuta ukabaki mweupe. Kandege peke yake ndiko kalibaki pale chini kulia, kwa sababu hakuna aliyesema kafutwe, na mimi nisingejifuta bila kuambiwa.

Rafiki yangu hakuja kuniita. Nilimngoja aseme, Fundi, basi njoo bomani. Hakuna. Siku moja nikamsikia mwanamke kwa kituo cha boda akimwambia mwenzake, "Nunua pale kwa ndege, nyama yao ni safi." Kwa ndege. Nikadhani sikusikia vizuri. Mwingine naye akasema hivyo hivyo. Ukuta mweupe wote ule, kitu cha kuita ni kimoja.

Jumamosi mke wangu akaleta nyama kutoka huko, imefungwa kwa karatasi ya kaki. Kwenye kaki kulikuwa na muhuri. Kandege kangu. Wametengeneza muhuri wa mpira, mkubwa kama kiganja, na mkia wameukosea.

Nilitoka na sandali. Nilimkuta mlangoni, aproni mpya kifuani, kandege katikati ya aproni.

"Fundi!" Amefurahi kabisa. "Umeona? Watu wamechagua wenyewe. Hata shindano sikuweka!"

"Toa hiyo kitu."

"Kwani nini?"

"Hiyo ni yangu. Iko kwa kila kibao cha Kitengela. Sasa mtu akiona kandege kwa shule ya watoto atasema ni tawi la bucha."

"Ah, Fundi, usikasirike. Si ni kandege tu."

Nikamwona kichwani yule mzee na fimbo yake, amesimama karakanani, akirudia neno langu moja, "Mistari."

Sikubishana tena. Nilienda karakana nikarudi na mkebe wa nyeupe na brashi ndogo. Wateja walikuwa foleni. Nilipiga magoti pale chini kulia nikamfunika ndege wangu, mabawa, mdomo, na ule mkia ambao mimi huwa siukosei. Nilipoinuka rafiki yangu alikuwa ameshavua aproni, ameikunja, ameishika kama kitu cha msibani. Mama mmoja aliyekuwa akija akasimama njiani, akaangalia ukuta.

"Kwani mmefunga?"

"Tuko, mama, ingia," rafiki yangu akamwambia. Kisha, akiangalia vidole vyangu vyenye rangi, "Sasa watu wataniita nini?"

"Sijui. Sijaona ng'ombe zako."

Akakuna kichwa. "Bado zimekonda."

"Nitaziona zikiwa zimekonda."

"Kesho?"

"Kesho. Kabla hazijatoka. Na hiyo simu uiache kwa nyumba."

Asubuhi alinipitia na pikapu kukiwa bado na baridi. Alikuwa na simu mfukoni mwa shati, imechajiwa mpaka juu, na kabla tufike kona ya kwanza ikaanza kulia. Ilikuwa grupu ya ukoo. Alikuwa amewaambia tunaenda kuchora, na kila mtu alikuwa na rangi yake.