Kompyuta Mbili na Mkono wa Zubeida

Mwaka 1997, chuo kimoja cha Ruiru kilitaka kompyuta ishirini. Zubeida, fundi wa kompyuta kutoka mtaa wa Landless, akaitwa achague kati ya aina mbili. Angekosea, kazi ya kuzitunza ingemponyoka.

Muuzaji wa aina ya kwanza akaisifu kompyuta yake iliyong'aa. "Mama, hii ni bibi harusi."

"Basi tumfunue shela," Zubeida akajibu, akakifungua kifuniko kwa bisibisi. "Tia mkono, uchomoe hiyo kadi ya ndani."

Muuzaji akatia, akautoa una damu. Bati lilikuwa jembamba, kingo zake wembe.

Zubeida akageukia ile ya kampuni nyingine, nzito, rangi ya uji. Kifuniko kilifunguka bila bisibisi. Akafumba macho, akapapasa ndani kote, akautoa mkono mzima, bila hata mkwaruzo.

"Tunachukua hii," mkuu wa chuo akasema. "Nawe mama, unaanza Jumatatu."

Zubeida akatoka getini akitembea kama mwenye chuo.