Makaburi ya Stendi Mpya

Stendi mpya ya Kibondo ina sakafu ya zege, vyoo vya maji, taa za sola na mitaro ya mawe iliyojengwa vizuri. Nimeshuka katika stendi nyingi, huku kwetu na ng'ambo ya ziwa, na hii si ya kuionea haya. Mvua ikinyesha, abiria hawakanyagi tena lile tope jekundu lililokuwa likiwavua watu viatu. Mji mzima uliitaka. Swaumu, muuza chai, aliitaka kuliko wengi, maana miaka yote alipikia chini ya turubai linalovuja.

Shida ilikuwa mahali penyewe. Nyuma ya stendi ya zamani palikuwa na makaburi ya Waislamu, na humo walilala baba yake Swaumu na mama yake, ubavu kwa ubavu, karibu na ukuta wa madrasa.

Baba, Khatibu, alikuwa fundi cherehani. Ujanani alikwenda pwani kutafuta kazi, akarudi na mke wa Pangani, Mwanaamina, mwanamke mfupi aliyeuza chai na kusahihisha Kiswahili cha kila mtu. Mteja akisema "niko na haja ya chai", humwambia, "Haja nenda kachutame huko, chai njoo uombe vizuri." Watu walicheka na kurudia kosa lile kusudi wamsikie tena. Khatibu alipofariki, kaka zake Mwanaamina walimwita arudi kwao. Akawajibu, "Nimemfuata huyu mtu mpaka huku kwenye baridi, leo nimwache peke yake?" Wanawe aliwausia jambo moja tu, wamlaze kando ya mumewe na wasije wakawatenganisha. Walimlaza hapo. Hawakuandika jina. Waliweka mawe kichwani na miguuni, kama makaburi mengine yote pale, na wao wenyewe wakajua.

Kwa hiyo mradi ulipotangaza kuhamisha makaburi, Swaumu hakupinga. Mkutanoni alisimama akauliza kama atapata nafasi mbili zilizo jirani katika eneo jipya. Akaambiwa atapata. Ndugu wafike siku ya kufukua, waonyeshe kaburi lao, wachague pa kuzika. Litakalokosa mwenyewe litakwenda katika kaburi la pamoja. Siku ingetangazwa kwa gari la kipaza sauti, kutegemea mvua.

Wiki zikapita na mvua. Swaumu akaenda Kasulu kwenye harusi ya binti wa mdogo wake, Nurudini, mwenye duka la vitambaa. Huko simu yake ikatumbukia katika beseni la kuoshea mchele wa pilau, ikafa. Watu wakamcheka, naye akacheka. Alirudi Kibondo Jumatano jioni, mikono ina hina.

Jirani yake ni Consolée, mwanamke wa makamo aliyevuka mpaka wa Mabamba zamani na kuolewa Kibondo. Huuza maparachichi, na kila jioni akifunga biashara humwambia Swaumu "n'ah'ejo", yaani tuonane kesho. Kirundi cha Swaumu kilikuwa karibu chote ni hicho. Jioni ile Consolée alimfuata mpaka mlangoni, akamshika mkono.

"Mama Nasma, gari lilipita. Pole."

"Nishapoa. Limesemaje?"

"Kufukua makaburi, ejo. Pole sana."

Swaumu akaenda mbio kwa jirani mwingine kuazima simu. Nurudini alipokea akiwa bado na wageni.

"Ni kesho," Swaumu akamwambia. "Njoo na sanda mbili. Na marashi, usisahau, mama alikuwa hapendi harufu ya udongo."

"Alikuwa anapenda kitu gani cha huku?" Nurudini akasema. "Nakuja na basi la kwanza."

Alifika asubuhi na sanda mbili kifuani. Wakaenda kwa miguu. Walipokata kona ya madrasa walikuta uwanja umesawazishwa, na mtambo wa kushindilia unapita juu yake taratibu. Msimamizi wa vibarua, Sylvesta, akaja kuwafukuza kwa sababu ya usalama, kisha akaona zile sanda.

"Mama, hapa tulimaliza juzi."

"Juzi gani?" Nurudini akauliza.

"Jumanne, mzee. Gari lilipita Jumatatu. Tukangoja watu mpaka adhuhuri. Akina Saady walikuja, na wengine walikuja. Nyinyi hamkuonekana."

"Na yale mawili pale ukutani?"

"Yasiyo na watu yalikwenda pamoja."

Aliwapeleka mwenyewe kwa pikipiki, wote watatu, mpaka eneo jipya nje ya mji. Palikuwa na safu ya makaburi mapya, na pembeni tuta moja pana. Nurudini akataka lifukuliwe.

"Tukifukua, utachukua nini?" Sylvesta akauliza. Hakuuliza kwa kiburi. "Sanda zilikuwa chache. Tuliwaweka pamoja. Huu ni mguu wa nani, nani atajua?"

Kisha akamgeukia Swaumu. "Lakini hawajaachana, mama. Wako pamoja."

"Pamoja na nani?" Swaumu akasema.

Alijua. Humo alikuwamo Bi Tunu, aliyekufa bila mtoto, ambaye Mwanaamina aligombana naye miaka yote kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Walikuwamo pia wapita njia waliokufa stendi bila kujulikana kwao ni wapi. Nurudini alisoma dua kwa sauti ya chini. Alipomaliza alizikunja sanda upya, zikingali nyeupe, akazirudisha kifuani.

"Mimi sikuwahi kukuachia kazi kubwa, dada," akasema. "Moja tu."

Akapanda basi la mchana bila kuingia nyumbani.

Swaumu alimkuta Consolée akipanga maparachichi.

"Uliniambia ejo."

"Nilikuambia ejo."

"Ejo ni kesho. Kila siku unaniambia ejo."

Consolée akaliweka chini parachichi alilolishika. "Ejo ni kesho, ndiyo. Na ejo ni jana. Ni neno moja, Mama Nasma. Nilikupa pole. Nani hupewa pole ya kitu cha kesho?"

Ndivyo Kirundi kilivyo. Siku iliyopita na siku ijayo zina jina moja, na kitenzi ndicho kinachoonyesha kama ni nyuma au mbele. Consolée alisema "kufukua" tu, kitenzi kisicho na nyuma wala mbele, kisha uchungu ukamtoa neno la kwao. Swaumu hakumgombeza. Ila tangu siku ile, jioni ikifika, anaingia ndani kabla mwenzake hajafunga biashara.

Stendi ilifunguliwa kwa ngoma na hotuba. Wauza chai wa zamani walipangiwa vibanda kwa kura, na cha Swaumu kikaangukia upande wa madrasa. Angeweza kubadilishana na mtu. Hakubadilisha. Nurudini hupita Kibondo akienda kuchukua mzigo, na basi husimama hapo robo saa. Hashuki.

Kibanda kina nafasi ya mabenchi matatu, lakini Swaumu ameweka mawili, na pembe inayotazama ukuta ameiacha tupu. Nilipokuwa hapo, kondakta mmoja wa Kasulu alivuta benchi lake mpaka kwenye pembe hiyo akwepe jua.

"Hapo hapakaliwi," Swaumu akamwambia.

"Kuna nini?"

"Panavuja."

Kondakta akatazama juu, bati jipya linang'aa. "Mama, jua lote hili?"

"Sogea, mwanangu."

Akasogea na kikombe chake, akinung'unika kwamba serikali inajenga vizuri halafu wananchi wanaanza mambo yao. Swaumu akamwongezea chai. Waliowahi kulala pale hawapo tena, hilo analijua kuliko mtu yeyote pale stendi. Kule kwenye tuta hajui wamelala upande gani, aelekee wapi.