Siku Tulipoupima Mlima wa Kanisani

Mvua ya kwanza ikilowesha udongo mwekundu, harufu yake hunirudisha Itumba, kwenye mtaa wetu uliopanda kutoka getini kwetu hadi kanisani. Ulikuwa mkali jamani! Chungwa likikuponyoka kule juu, ulikwenda kulitafuta kwa majirani wa chini.

Bibi Tusekile, mama yake baba, aliupanda kila Jumapili kwenda kuimba kwaya. Mwaka niliotimiza miaka kumi, siku moja alirudi akihema, ibada haijaisha.

"Mlima huu umeongezeka," akatuambia.

Tulicheka, na baba alitushinda wote kwa kucheka. "Mama, mlima hauongezeki. Ni miaka hiyo."

Bibi alikunja sare yake ya kwaya, akaitia sandukuni chini kabisa, na Jumapili zilizofuata akawa anaimbia jikoni, kwa sauti ndogo kama anayebembeleza mtoto. Iliniuma.

Baba alikuwa msimamizi wa barabara. Alikuwa na daftari gumu, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai, ambamo tangu sijazaliwa aliandika ukali wa kila mtaa: unaanzia wapi, unaishia wapi, umepanda kiasi gani. Nikamletea daftari hilo.

"Baba, mlima wetu umo humu?"

"Umo."

"Basi tuupime tena."

Jumamosi tukatoka na fito mbili na mpira wa maji, ule mwembamba wa mafundi wa kusawazishia msingi. Yeye juu, mimi chini, tukapanda kipande kwa kipande. "Inua! Usitikise!" Nusu ya mtaa ilitufuata, kila mtu amekuwa injinia. Tulipofika kanisani nilikuwa nimelowa hadi kwapani.

Baba akajumlisha. Akajumlisha tena. Akatazama kule chini, mkono kiunoni.

"Greda," akasema polepole. "Lilipochonga barabara lilikwangua chini, juu halikugusa."

Mlima ulikuwa umezidi ule wa daftarini kwa urefu wa mkono mzima.

Alimfuata Bibi jikoni, akachuchumaa mbele yake. "Mama, nisamehe. Umeongezeka kweli."

Bibi alipiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika. "Nami nilidhani nimekwisha, kumbe ni mlima!"

Kesho yake alivaa sare, akapumzika njiani mara tatu, akafika. Aliimba akaifunika kwaya nzima, na kila wimbo ulipokwisha, yeye aliendelea kidogo.

Miaka mingi nilijisifu kwa vile vipimo. Sasa magoti yangu nayo yameanza kulalamika, ndipo nimeelewa kwamba urefu wa mkono mmoja, kwenye mlima mrefu vile, haumzuii mtu kupanda. Kilichomkalisha Bibi jikoni ni kicheko chetu. Mwanawe alipomwamini, aliupanda mlima uleule, nao ulikuwa mkali kuliko zamani.