Amekabidhiwa kwa Nani

Nimewafundisha wanafunzi wengi neno la Kiingereza "abandon", na kila mara naanzia uani kwetu Newala, si kwenye kamusi.

Nililijua neno hilo Masasi, kwenye chuo cha ualimu cha misheni, miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Mwalimu wetu, mwanamke kutoka Uingereza tuliyemwita Bibi Mwalimu, alipenda kufukua maneno. Siku hizi, alisema, neno hili ni kumtelekeza mtu. Lakini limetoka kwa Wafaransa wa kale, na kwao lilihusu mamlaka: ulimwachilia mtu kwa kumkabidhi chini ya amri ya mwingine. "Kwa hiyo mkikutana nalo," alituambia, "ulizeni kwanza: amekabidhiwa kwa nani?"

Likizo ile alikuja kwetu. Baba alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, na miaka ilipita bila hata salamu. Bibi Mwalimu alitaka kumchukua mdogo wangu wa kike, akalelewe Masasi, kwenye bweni la misheni, pamoja na watoto waliotelekezwa. Nia yake ilikuwa njema. Mkalimani nilikuwa mimi.

Nilipolitaja neno lile kwa Kiswahili, mama aliacha kupepeta.

"Nani katelekezwa? Muulize, nyumba hii ya nani?"

"Yako, mama."

"Na shamba?"

"La bibi, mama yako."

"Baba yako alikuja hapa na mkeka mmoja, kaondoka na mkeka mmoja. Sasa aliyekosa kwake ni nani?"

Kwetu Wamakonde mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, na watoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa ndio kwanza anatoka shamba, alisikia akacheka mpaka akatua jembe.

"Karibu, Bibi Mwalimu. Mtoto huyu ni wangu. Nikifa mimi, yupo mdogo wangu. Akifa na yeye, hapo ndipo uje na bweni lako!"

Nilitafsiri yote, kwa sauti ambayo sikuwahi kuwa nayo darasani. Kisha nikaongeza la kwangu: "Ulitufundisha tuulize amekabidhiwa kwa nani. Huyu hapa, Bibi Mwalimu, na jembe lake."

Alimtazama mjomba, akamtazama mama, akatabasamu. "Basi neno langu halina kazi hapa," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu.

Mdogo wangu akapiga magoti, akampa maji, kikombe kikiwa kimejaa pomoni. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na maji yale mama aliyapandisha kutoka bondeni kwa kichwa chake. Bibi Mwalimu aliyanywa yote.

"Mwambie aje tena," mama alisema, akishika ungo wake. "Ila asije kubeba mtu."

Mdogo wangu akaenda kumwongezea kikombe.